Mkatie baiskeli tiketi kwanza: treni ya mkoa, mwendokasi, basi au meli kuvuka Ulaya?

Treni ya masafa marefu ya Ujerumani, ICE 4 yenye mabehewa 12, ile nyeupe yenye mstari mwekundu inayoshuka kutoka Hamburg kupitia Frankfurt hadi Basel, mpakani mwa Uswisi, ina viti 830. Nafasi za baiskeli ni 8.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonitia adabu. Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikata tiketi ya Basel wiki sita kabla ya safari, bei ya chini kabisa, ile isiyorudishwa wala kubadilishwa, nikajiona mjanja. Suala la baiskeli nikaliweka kiporo: nitaihifadhia nafasi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, nafasi zote nane zilishachukuliwa. Nikabaki na kiti cha dirishani cha kwenda safari ya baiskeli, bila baiskeli. Tiketi ikaungua, nami nikapanda treni nne za mkoa, moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Tangu siku hiyo baiskeli ndiyo abiria, mimi ni mzigo wake. Naitafutia nafasi kwanza, kisha najikatia kiti kwenye treni hiyohiyo.

Ndugu wanaokuja kutembea, na wale walioko Uingereza wanaotaka kuvuka kuja huku bara, huniuliza swali lilelile: ipi njia nzuri ya kusafiri na baiskeli kwa usafiri wa umma? Majibu ni mengi, na hakuna nchi mbili zenye utaratibu mmoja. Ili tusipige maneno hewani, tuchukue safari moja iwe mizani yetu. Unataka kuendesha njia ya mto Rhine, inayoitwa EuroVelo 15, mojawapo ya njia 17 za baiskeli zinazokatiza Ulaya. Inaanzia Andermatt, kwenye milima ya Uswisi, na kuishia Hoek van Holland, pwani ya Uholanzi. Ni kama kilomita 1,500. Maji yanateremka na wewe unateremka nayo, kwa hiyo kazi ya usafiri wa umma ni kukupandisha huko juu, wewe na chuma chako, kisha kukupokea baharini. Tuseme unaanzia Köln, Ujerumani, nilipo mimi.

Treni ya mkoa au treni ya masafa marefu

Huu ndio uamuzi mkubwa, na wengi wanaukosea kwa kutazama saa tu.

Treni za mkoa Ujerumani zina herufi RE au RB mbele ya namba. Hakuna kuhifadhi nafasi. Unafika stesheni, unatafuta mlango wenye picha ya baiskeli, unapanda. Tiketi ya baiskeli ya siku nzima ni kati ya euro 6 na 7, na ndani ya majimbo ya Rheinland-Pfalz na Baden-Württemberg, ambako ndiko Rhine inakopita, baiskeli haitozwi kitu siku za kazi baada ya saa 3 asubuhi, wala mwisho wa wiki. Ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika 58 mwaka 2025, inambeba mtu peke yake. Wengi huishika mkononi wakidhani na baiskeli imo. Haimo.

Kutoka Köln, RB 26 inakwenda moja kwa moja hadi Mainz ikifuata ukingo wa kushoto wa mto. Ni treni ya polepole, inasimama kila kijiji, na sijawahi kulalamika. Ngome za kale ziko juu ya vilima, mashamba ya zabibu yameinama kana kwamba yataangukia majini, na mwamba wa Loreley unauona ng'ambo. Kutoka Mainz unaunga treni nyingine kuelekea Karlsruhe, kisha nyingine inayopita Freiburg hadi Basel. Jumla ni kama saa nane, ukibadilisha treni mara tatu au nne.

Uzuri wa treni ya mkoa ni kwamba hufungwi. Ukichelewa, unapanda inayofuata. Mvua ikikukamata njiani, unaingia stesheni ya kijiji na baada ya nusu saa au saa moja uko ndani ya behewa ukikausha soksi. Kwa mtu anayeendesha siku nyingi, uhuru huo una thamani kuliko kasi.

Ubaya wake ni kwamba huna uhakika. Nafasi ni ya aliyetangulia, na kondakta ana neno la mwisho. Mtoto kwenye kigari na mtu wa kiti cha magurudumu wanakutangulia, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Jumapili ya jua mwezi Mei, kila mtu wa Köln anakumbuka kwamba ana baiskeli. Siku ya Kupaa ndiyo usithubutu kabisa: huku ndiyo sikukuu ya akina baba, nao hutoka kwa makundi na kreti za bia.

Treni ya masafa marefu inageuza kila kitu. Bila nafasi iliyohifadhiwa baiskeli haipandi, iwe treni ya aina ya IC, EC au ICE. Gharama ni karibu euro 10 juu ya tiketi yako. Ukishaipata, nafasi ni yako, ina namba kama kiti. Köln hadi Basel ni saa nne hadi tano, mara nyingi ukibadilisha mara moja tu. Lakini tazama aina ya treni kabla ya kushangilia: ICE 4 na ICE 3neo zinabeba baiskeli nane kila moja, ilhali ICE 3 za zamani hazibebi hata moja. Zote zinaandikwa ICE kwenye ratiba. Unapotafuta safari kwenye programu ya simu, weka alama ya kubeba baiskeli tangu mwanzo, vinginevyo utaonyeshwa treni ambazo kwako ni picha tu.

Sasa lile ambalo vipeperushi havisemi. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na "kwa wakati" maana yake ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Abiria wa kawaida akikosa treni ya kuunga, anapanda inayofuata na kusimama korido. Wewe huwezi, kwa sababu nafasi ya baiskeli imefungwa kwenye treni ile iliyoondoka. Ndiyo maana katika safari ya baiskeli nahesabu mabadiliko ya treni kabla ya kuhesabu saa. Badiliko moja lenye dakika 40 katikati ni bora kuliko mawili yenye dakika 9, hata kama hayo mawili yanakufikisha saa nzima mapema.

Na kila badiliko ni ngazi. Stesheni nyingi zina lifti, lakini lifti nyingine zilijengwa kwa kumfikiria bibi na mkoba wake. Nimewahi kuisimamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma, mabegi yakiwa miguuni, na mama mmoja na mbwa wake wakisubiri nje kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Mwenye baiskeli ya umeme ya kilo 25 apime suala hili mara mbili. Njiani betri inamsaidia. Ngazini haimsaidii hata kidogo.

Kuna haki yako pia, ijue. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, inasema mwenye nafasi ya baiskeli akikataliwa bila sababu ya msingi, lazima apewe njia nyingine au arudishiwe pesa. Na tangu 7 Juni 2025, treni mpya zinazoagizwa, au za zamani zinazofanyiwa ukarabati mkubwa, zinatakiwa ziwe na nafasi za baiskeli zisizopungua nne. Nne si nyingi, lakini kwa nchi ambazo treni zake za masafa marefu zilikuwa hazina hata moja, ni mlango umefunguka.

Nje ya Ujerumani mambo yanabadilika ukivuka mpaka, wakati mwingine kwa kicheko. Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu 2020, na baiskeli nayo inapanda bure. Treni za mjini Copenhagen, S-tog, hazijatoza baiskeli tangu 2010. Italia, treni za Regionale hutoza euro 3.50 kwa saa 24. Ufaransa, treni za mikoa ziitwazo TER kwa sehemu kubwa hazitozi, ila mikoa mingine inadai uhifadhi nafasi majira ya joto. Na kando ya mto Loire, majira hayo, kuna treni maalumu zinazoitwa Train Loire à Vélo ambapo wahudumu wanakupokea baiskeli na kuipanga wenyewe. Ukizoea hiyo utadeka.

Uholanzi inashangaza wengi. Nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu hairuhusu kupanda nayo treni siku za kazi kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, wala kati ya saa 10 na 12:30 jioni. Ubao wa stesheni utaandika 6:30, 9:00, 16:00 na 18:30, usijichanganye. Julai na Agosti marufuku hiyo inaondolewa. Sababu ni hiyohiyo ya wingi wa baiskeli: kila mmoja akipanda na yake, watu watakaa wapi?

Uswisi, kati ya 21 Machi na 31 Oktoba, treni za Intercity zinataka uhifadhi nafasi ya baiskeli kwa faranga 2. Kwa safari yetu, kutoka Basel unapanda hadi Göschenen, halafu treni ndogo yenye gurudumu la meno la kushika reli, inayotambaa korongoni kukupeleka Andermatt. Ni mwendo mfupi, na ni mojawapo ya dakika ambazo nafurahi kwamba anayepanda mlima ni treni.

Nikipewa chaguo kwa njia hii: kipande kimoja kirefu kwa treni ya masafa marefu, nafasi ikiwa imehifadhiwa mapema, na vipande vyote vinavyobaki kwa treni za mkoa. Safari isiyozidi saa tatu, treni ya mkoa bila kufikiri. Ukiwa na siku nzima ya kupoteza na hujakata tiketi mapema, treni ya mkoa pia, na uchukue mkate wa kutosha.

Mwendokasi na begi

Kusini na magharibi mwa Ulaya, treni za mwendokasi zina msimamo mwingine: baiskeli nzima hapana, baiskeli iliyofunguliwa ndani ya begi ni mzigo kama mzigo mwingine. Baadhi ya TGV za Ufaransa zina nafasi za kuhifadhi kwa euro 10, na ukizipata zichukue. Kwa zisizo nazo, begi lisizidi sentimita 130 kwa 90. AVE za Hispania zinataka 120 kwa 90 kwa 40. Frecce za Italia ndizo bahili, 110 kwa 80 kwa 45. Anayetaka begi moja la nchi zote anunue la kipimo cha Italia, akubali kufungua vitu vingi zaidi.

Na hapo ndipo tabia ya baiskeli yako inapoamua. Baiskeli nyembamba ya mbio inafunguliwa kwa dakika kumi: magurudumu mawili yanatoka, usukani unalazwa, pedali zinafunguliwa. (Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kinyume na ya kulia. Nimewaona watu wazima wakitoa jasho jukwaani kwa kutojua hilo.) Lakini baiskeli ya safari, yenye madigadi ya chuma, keria nyuma na mbele, dinamo na waya wake, hiyo ni kazi ya fundi. Utachukua nusu saa, mikono itajaa grisi, na ukifika Sevilla utaanza tena kuunga huku ukiuliza skrubu ile moja imekwenda wapi.

Faida ya begi ni kwamba mara nyingi huna haja ya nafasi ya baiskeli. Unakata kiti chako tu, hata jioni ya kuamkia safari, na unasafiri kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Ukilinganisha na foleni ya nafasi nane, hilo si jambo dogo. Gharama yake iko mgongoni: ukianza safari mji mmoja na kumalizia mwingine, begi unalibeba njia nzima. Jepesi ni kama kilo moja, na halina ulinzi wowote dhidi ya masanduku ya watu. Gia za nyuma zielekeze juu au kwa ndani, usiwaachie wengine.

Kwa safari yetu ya Rhine, njia hii haina maana. Kwa mtu anayeruka kutoka Paris kwenda Marseille, au Madrid kwenda Sevilla, karibu haina mpinzani.

Ya kukunja

Brompton, ile ya London yenye magurudumu ya inchi 16, ikikunjwa inakuwa na ukubwa wa sentimita 65 kwa 57 kwa 27 hivi. Karibu treni zote za Ulaya zinaihesabu kama sanduku. Haina tiketi, haina nafasi, haina saa za marufuku. Hata Eurostar, treni ya London kuja bara ambayo haibebi tena baiskeli nzima, ya kukunja inaipokea. Hakuna njia nyingine katika ulinganisho huu inayokufanya usahau kabisa kwamba nafasi ni nane.

Lakini mnunuzi ajue anachonunua. Bei inapita euro 1,000 kwa urahisi, na ukiitaka nyepesi inapita zaidi ya hapo. Magurudumu madogo yanahisi kila jiwe. Kwenye mitaa ya mawe ya miji ya kale, meno yanagongana. Mzigo wake unakaa mbele kwenye mkoba mmoja. Rhine kutoka Basel kushuka, ambako njia ni tambarare na lami ni nzuri, inawezekana kabisa, na wapo wanaofanya. Kushuka kutoka Andermatt kwanza unapanda njia ya mlimani ya Oberalp, zaidi ya mita 2,000. Sisemi haiwezekani. Nasema mimi nitakutazama kutoka dirishani mwa treni.

Mtu anayeishi hapa, anayetaka kutumia baiskeli ileile kazini Jumatatu na safarini Jumamosi, huyo ndiye aliyetengenezewa Brompton. Mgeni wa wiki tatu asiinunue.

Basi

FlixBus, kampuni iliyoanzia Munich mwaka 2013, ina mabasi yenye kibebeo cha baiskeli nyuma kwenye baadhi ya njia, kwa kawaida baiskeli tano, kwa nauli inayoanzia euro 9 hivi. Faida ya basi ni kufika pasipo na treni ya kubeba baiskeli, na bei. Usiku unalala, asubuhi uko nchi nyingine.

Hasara yake iko wazi kama kibebeo chenyewe. Baiskeli inasafiri nje, mvua ni yake, vumbi na matope ya barabara kuu ni yake. Funika kiti kwa mfuko wa plastiki, toa kompyuta ndogo ya usukani, taa na chupa, kwa sababu kitakachoning'inia kitaanguka. Na dereva ndiye anayepakia, ana ratiba ya kukimbiza, kwa hiyo funga breki ya mbele kwa mpira ili gurudumu lisicheze. Waliowahi kutuma baiskeli juu ya paa la basi la mkoani, ikafika na spoku zimepinda, wanaijua hofu hiyo. Hapa hali ni nzuri zaidi kuliko paa, ila moyo unadunda vilevile kila basi linapokanyaga shimo.

Mimi basi naliweka mwisho. Nalitumia pale tu ambapo treni zinataka mabadiliko matano na basi ni moja kwa moja.

Meli

Aliyevuka Kigamboni au Likoni na baiskeli hana jipya la kujifunza hapa. Unakaa mstari mmoja na magari, mlango mkubwa unashuka, mwenye koti la kung'aa anakupungia mkono, unaingia ukiendesha. Ndani wanakuonyesha ukuta wa kuegemeza, unafunga kwa kamba, unapanda juu kunywa chai. Hakuna ngazi, hakuna kulabu ya kuning'iniza baiskeli, hakuna wa kukuuliza urefu wa begi. Nafasi ipo, kwa sababu palipotoshea malori mia, baiskeli ishirini hazionekani.

Ndiyo maana kwa walioko Uingereza jibu langu ni fupi: panda meli. Stena Line inavuka usiku kati ya Harwich na Hoek van Holland, unalala kitandani na kuamka Uholanzi. Kumbuka Hoek van Holland ndipo EuroVelo 15 inapoishia. Ukimaliza kilomita zako 1,500, njia inakufikisha karibu na mlango wa meli ya kurudi. Asiyerudi Uingereza anapanda metro inayokwenda Rotterdam, nje ya saa za msongamano. Njia nyingine ni Newhaven hadi Dieppe, saa nne hivi, ambayo ni sehemu ya Avenue Verte, ile njia ya baiskeli ya London hadi Paris iliyozinduliwa 2012. Dover hadi Calais ni fupi kuliko zote, lakini bandari ile imejengwa kwa ajili ya malori, na kuendesha katikati yake kunataka moyo.

Kaskazini, Tallinn na Helsinki zinatenganishwa na saa mbili za maji. Kusini, meli za visiwa vya Ugiriki kwa kawaida hazitozi baiskeli kitu. Popote penye meli na treni za njia moja, naanza na meli.

Treni ya usiku

Nitaigusa tu. Nightjet za Austria, hasa zile mpya zilizoanza Desemba 2023 kati ya Hamburg na Vienna au Innsbruck, zina nafasi za baiskeli. Ni chache, na ni za njia chache. Ukiipata, umeokoa siku na hoteli. Usipange safari nzima ukitegemea kwamba utaipata.

Au usibebe kabisa

Chaguo hili linasahaulika kwa sababu linaonekana kama kushindwa. Njia maarufu ya mto Danube kutoka Passau hadi Vienna, kama kilomita 320, unaweza kukodi baiskeli Passau na kuirudisha Vienna. Unapanda treni yoyote uitakayo ukiwa na begi la mgongoni, mikono mitupu. Kwa mgeni anayetoka Nairobi au Dar kwa wiki mbili, akilinganisha gharama ya kusafirisha baiskeli kwa ndege, sanduku lake, na mahali pa kuliweka sanduku hilo hadi arudi, hesabu inaelemea upande wa kukodi, labda kama baiskeli yake ni ya kipimo maalumu au ana mapenzi nayo. Mapenzi ni sababu halali. Mimi yangu simwachii mtu.

Rhine nzima ni ngumu zaidi kwa kukodi, kwa sababu unaichukua Uswisi na kuirudisha mbali kabisa, Uholanzi. Kwa kipande cha Ujerumani peke yake, uliza maduka ya baiskeli ya mji unaoanzia.

Siku yenyewe jukwaani

Umeshachagua treni ya masafa marefu na nafasi unayo. Treni inasimama dakika mbili au tatu, si zaidi. Mabegi ya keria yafungue kabla haijafika, uyatundike mkononi, kwa sababu baiskeli yenye mabegi haipiti mlango mwembamba, na anayekusaidia kuinua hapendi kuinua kilo 35. Kwenye treni za Railjet za Austria na nyingine nyingi, baiskeli inaning'inizwa kwa gurudumu la mbele kwenye kulabu, kwa hiyo tairi nene la milimani linaweza kugoma kuingia. Toa chupa ya maji kwanza, la sivyo utaoga.

Kwenye ICE 4, nafasi za baiskeli ziko behewa la mwisho, upande mmoja wa treni. Ubao wa jukwaani unaonyesha behewa lipi litasimama herufi ipi, A hadi F au G, na wewe utakwenda kusimama kwenye herufi yako kwa utulivu kama mwenyeji. Kisha, dakika tatu kabla, sauti itatoka kwenye spika kwamba leo mabehewa yamepangwa kinyume. Treni ile ina urefu wa mita 346. Wenye masanduku wataanza kutembea haraka, wewe na baiskeli mtakimbia, mkipishana na watu wote wanaokimbia kuja mlikotoka.

Siku hizi nasimama katikati ya jukwaa, mabegi yakiwa yamefunguliwa tayari, nikisubiri tangazo.